Miji mitatu ya viwanda, serikali moja ya jiji kuu: nani atashika mfuko?

Msomaji ameniandikia hivi: "Tunaishi kwenye miji mitatu iliyoshikana. Mmoja una kiwanda cha chuma, wa pili ulijengwa juu ya migodi ya makaa ya mawe ambayo sasa imefungwa, wa tatu ndiko wafanyakazi wengi wanakolala. Ukitembea kwa miguu huwezi kujua umetoka mji gani ukaingia upi, labda uangalie rangi ya mabasi. Sasa kuna mpango wa kuunda serikali ya pamoja ya jiji kuu. Wanaoutaka wanasema tutaokoa fedha. Wanaoupinga, hasa wa mji wetu ambao ndio mdogo, wanasema tutamezwa. Nani anasema kweli?"

Ndugu yangu, nakujibu kwanza, kisha nieleze. Hoja ya kuokoa fedha ndiyo dhaifu kuliko zote, usiikubali bila kuonyeshwa hesabu. Hofu ya kumezwa ina msingi, ila inategemea vifungu viwili vitatu vya sheria itakayounda serikali hiyo, na vifungu hivyo vinaweza kuandikwa vizuri mkividai mapema. Lipo pia swali ambalo kwenye barua yako halimo, nalo kwangu ndilo kubwa: serikali hiyo ya pamoja itapata wapi fedha zake yenyewe?

Tuimalize kwanza hiyo hoja ya kuokoa. Inavutia masikioni: wakurugenzi watatu watabaki mmoja, magari matatu ya meya yatabaki moja. Lakini mishahara ya wakubwa ni sehemu ndogo ya matumizi ya mji. Fedha nyingi huenda kwa zimamoto, wazoa taka, mafundi wa mabomba, barabara na matengenezo ya majengo, na kazi hizo hazipungui kwa sababu mpaka umefutwa kwenye ramani. Tena mkiungana kabisa, wafanyakazi waliokuwa na viwango vitatu vya mishahara wanakuwa na mwajiri mmoja, na hakuna chama cha wafanyakazi kitakachokubali watu wake washushwe. Wote hupanda kufuata kiwango cha juu. Toronto, Kanada, ilipounganishwa na manispaa jirani zake mwaka 1998, ilikutana na hilo hilo, kwenye mishahara na kwenye huduma. Sababu nzuri za kuungana zipo, ila hii mimi siihesabu.

Sababu nzuri inaanzia kwenye namna miji ya viwanda inavyozaliwa. Mji wa biashara hukua kutoka katikati kwenda nje: soko, kisha mitaa inalizunguka. Penye makaa ya mawe na chuma mambo huenda vingine. Kila mgodi na kila tanuri huzaa kijiji chake, kijiji kinakuwa mji, mji unapata meya na baraza, na baada ya vizazi vichache nyumba zinagusana. Hakuna katikati. Kuna katikati sita au kumi, kila moja na kituo chake cha reli, hospitali yake na timu yake ya mpira. Mipaka ya utawala inabaki palepale ilipochorwa wakati kulikuwa na mashamba, na maisha ya watu yanaipita juu kila siku.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha watendaji wa miji miwili iliyotenganishwa na barabara moja. Mpaka ulipita katikati ya lami. Mji mmoja ulifagia upande wake Jumatatu, mwingine Alhamisi, na katikati ya wiki upepo ulihamisha takataka kutoka upande huu kwenda ule. Mtaro wa maji ya mvua ulikuwa upande mmoja tu, na mji wenye mtaro ulikataa kuuzibua kwa sababu maji mengi yalitoka ng'ambo. Tulikaa saa tatu. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya pale. Kila mmoja alikuwa na bajeti iliyopitishwa na madiwani wake, na mkaguzi ambaye angemuuliza kwa nini ametumia fedha za wananchi wake kwenye ardhi ya wenzake. Nilitoka nikiwaonea huruma wote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuorodhesha yale yanayovuka mpaka, yapende yasipende. Maji taka ndiyo huanza. Mfano ninaoupenda ni mto Emscher, unaopita katika eneo la viwanda la Ruhr, Ujerumani, kuanzia karibu na Dortmund hadi Rhine. Migodi ilipochimbwa chini yake ardhi ilititia, ikatitia tena, na bomba lolote lililofukiwa lingepasuka. Basi miji na viwanda viliufanya mto wenyewe kuwa mfereji wa maji machafu, wazi, uliosakafiwa kwa zege. Lakini mfereji wa kilomita 80 na ushei hauwezi kuendeshwa na mji mmoja: ukiuziba hapa, unafurika kule. Mwaka 1899, kabla mtu yeyote hajafikiria jiji kuu, manispaa, migodi na viwanda vilianzisha ushirika mmoja wa mto huo, kila mwanachama akilipa kulingana na mzigo anaoutupa majini. Ushirika huo ungali hai. Migodi ilipoondoka na ardhi ikatulia, ndio ulioanza, mwaka 1992, kujenga mabomba makubwa ya chini ya ardhi, na mwishoni mwa 2021 Emscher uliacha kupokea maji taka. Miaka 30 ya ujenzi na zaidi ya euro bilioni tano. Hebu fikiria kazi hiyo ikigawanywa kwa mameya wanaochaguliwa kila baada ya miaka mitano, kila mmoja akingoja jirani aanze.

La pili ni usafiri, na hapa Ruhr haohao wanatupa funzo la upande wa pili. Tramu za Essen na Bochum hupita kwenye reli zenye upana wa milimita 1,000. Za Dortmund na Duisburg ni milimita 1,435. Kila mji ulijenga wake. Mülheim, uliobanwa katikati ya Essen na Duisburg, ulijikuta na reli za aina zote mbili. Tangu 1980 wana chama kimoja cha usafiri na abiria hutumia tiketi moja, jambo jema sana, lakini tiketi haiwezi kupanua reli. Yale yaliyojengwa kwa zege na chuma wakati kila mji ulikuwa peke yake hubaki kwa miaka mia. Ndiyo maana nawaambia watu wasingoje mpaka kila mji umalize mradi wake mkubwa ndipo wakae mezani.

Hewa nayo haina mipaka, wala ardhi iliyochafuliwa, wala maji ya mvua. Maktaba, masoko ya mtaa, shule za awali na bustani hazivuki popote, na sioni sababu ya kuziondoa kwenye mikono ya baraza lililo karibu na watu.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoona mipango mingi mizuri ikifia.

Kusini mwa Polandi, Silesia ya Juu na eneo jirani la Zagłębie, kuna msururu wa miji ya makaa na chuma: Katowice, Gliwice, Zabrze, Bytom, Chorzów, Sosnowiec, Dąbrowa Górnicza na mingine. Mwaka 2007 miji 14 ilianzisha umoja wa hiari. Viongozi wake hawakuwa wavivu. Walifanya mambo kama kununua umeme kwa pamoja ili kupunguza bei. Lakini umoja ule uliishi kwa michango ya wanachama, na mikono yake ilikuwa mifupi. Mabasi na tramu viliendelea kuendeshwa na vyombo vingine kabisa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na umoja usio na mapato huonekana hivyo hivyo mbele ya meya mwenye bajeti yake.

Miaka kumi baadaye, Machi 2017, bunge la Polandi lilipitisha sheria mahususi kwa mkoa huo. Jiji kuu likaanzishwa rasmi Julai 2017 na kuanza kazi Januari 2018, likiwa na manispaa 41 na watu zaidi ya milioni mbili. Kila manispaa ilibaki na meya wake, baraza lake na jina lake. Kilichobadilika ni mfuko. Sheria ile ililipa jiji kuu asilimia 5 ya kodi ya mapato ya watu binafsi wanaoishi ndani ya eneo lake, na fedha hizo zilitoka kwenye fungu la serikali kuu. Manispaa hazikunyang'anywa. Angalia ustadi wa hatua hiyo: mji uliokuwa ukisitasita uliona kwamba kujiunga kunaleta mezani fedha ambazo zisingekuja vinginevyo. Mwaka wa kwanza watoto walio chini ya miaka 16 walianza kupanda mabasi na tramu bure, na Januari 2019 mamlaka moja ya usafiri ilichukua kazi iliyokuwa imegawanyika kwenye vyombo vitatu. Watu ni walewale, miji ileile, hata visa baina yao ni vilevile. Tofauti kati ya 2007 na 2017 ni sheria na mapato.

Kuna njia nyingine ya mapato ambayo miji yenye viwanda inapaswa kuijua vizuri. Kwenye hali yenu, kiwanda cha chuma kinalipa kodi ya mali katika mji mmoja tu, ilhali malori yake yanabomoa barabara za miji yote mitatu, na wafanyakazi wake wanalala, wanasomesha na wanatibiwa kwenye mji wa tatu. Kila kiwanda kipya kikitaka kuja, miji itashindana kukipa misamaha ya kodi mpaka mshindi abaki na moshi bila mapato. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilitunga sheria mwaka 1971 kwa ajili ya eneo la Minneapolis na Saint Paul: kila manispaa inaingiza kwenye kapu la pamoja asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya mali za biashara na viwanda zinazotozwa kodi, tangu mwaka huo. Kapu hilo hugawanywa kwa kuangalia idadi ya watu na uwezo wa kila manispaa. Iliyo dhaifu inapata zaidi. Zingatia neno "ongezeko". Hakuna mji uliopoteza ulichokuwa nacho siku sheria ilipoanza. Ndiyo maana sheria hiyo ilipitishika. Mkiniuliza mimi, mfumo wa namna hii ungewafaa kuliko kitu kingine chochote mnachoweza kukiandika mwaka huu.

Nije kwenye hofu yenu ya kumezwa. Siipuuzi hata kidogo.

Wale wa Silesia walikuwa na sababu za kuogopana kuliko nyinyi. Mto mdogo uitwao Brynica unapita kati ya Katowice na Sosnowiec, na hadi Vita vya Kwanza vya Dunia mto huo ulikuwa mpaka wa madola: upande wa magharibi Ujerumani, upande wa mashariki Urusi. Kusini kidogo, Mysłowice, Austria nayo ilikutana nao, madola matatu kwenye makutano ya mito. Watu wa pande hizo mbili za Brynica wanataniana na kununiana mpaka leo, na wa mashariki, eneo la Zagłębie, hawapendi kabisa kuitwa Wasilesia. Jiji kuu likapewa jina refu linalobeba yote mawili, Silesia ya Juu na Zagłębie. Ni jina gumu kutamka na gumu kulichapisha kwenye tiketi, lakini naliheshimu. Lilikuwa bei ndogo ya kuwaweka wote ndani ya nyumba.

Muhimu kuliko jina ni kura. Katika baraza la jiji kuu hilo kila manispaa ina mjumbe mmoja, na uamuzi hupita ukitimiza masharti mawili kwa pamoja: wajumbe wengi waunge mkono, na wajumbe hao wawe wanawakilisha wakazi walio wengi. Katowice, yenye watu chini kidogo ya 300,000, haiwezi kuburuta wengine hata ikishirikiana na miji mitatu minne mikubwa. Na manispaa ndogo, baadhi hazifiki hata watu 10,000, haziwezi kukutana na kuamua jinsi ya kutumia fedha za wakazi wa miji. Kifungu kama hiki kikikosekana kwenye rasimu yenu, msitie saini.

Kuunganisha kabisa ni jambo jingine, na hapo mji mdogo huwa na mengi ya kupoteza. Uingereza, mwaka 1910, miji sita ya wafinyanzi iliungana kuwa mmoja: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Uliitwa Stoke-on-Trent, kwa jina la mmoja wao, ingawa kitovu cha biashara ni Hanley. Zaidi ya karne imepita na wenyeji bado wanakutajia mji wao kati ya ile sita kabla ya kulitaja jiji. Wajapani walifanya kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1963 miji mitano ya kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, yaani Moji, Kokura, Tobata, Yahata na Wakamatsu, iliungana na kuitwa Kitakyushu, maana yake Kyushu ya Kaskazini, jina ambalo halikuwa la mmoja wao. Kila mji ukabaki kama wilaya yenye jina lake la zamani. Makao ya jiji yalianzia Tobata, mdogo kuliko yote kwa eneo, kabla ya kuhamia Kokura mwaka 1972.

Kitakyushu inastahili kutazamwa kwa jambo moja zaidi. Yahata palikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma tangu 1901, na ghuba ya Dokai, iliyozungukwa na viwanda vya miji kadhaa, ilichafuka hata ikaitwa bahari ya mauti. Akina mama wa Tobata, ambao nguo zao walizoanika zilikuwa zikijaa masizi, walianza kupima wenyewe vumbi linaloanguka na kulipeleka kwa wakuu. Moshi ule haukutoka mji mmoja. Jiji lililounganishwa liliweza kukaa na viwanda vyote na kusainiana navyo mikataba ya kudhibiti uchafuzi, na kuisafisha ghuba. Sina hakika ya kitu kingine kama ninavyoamini hili: mji mmoja unaotegemea ajira za kiwanda kimoja hauwezi kukikaripia kiwanda hicho peke yake.

Hata hivyo nyinyi sioni sababu ya kwenda mpaka huko. Miji yenu ibaki, na juu yake iwepo serikali yenye kazi chache zilizotajwa kwa majina. Jueni tu kwamba kilichoundwa na sheria huweza kufutwa na sheria. Manchester na jirani zake, eneo lililokuzwa na viwanda vya pamba, lilipewa baraza la pamoja mwaka 1974, na serikali kuu ikalivunja mwaka 1986. Halmashauri kumi za eneo hilo hazikutawanyika. Ziliendelea kukutana kwa hiari na kuendesha pamoja mambo kadhaa, na uwanja wa ndege zikaumiliki kwa pamoja. Mwaka 2011 zikaunda mamlaka ya pamoja, ya kwanza ya aina yake Uingereza, na mwaka 2017 wananchi wakamchagua meya wa eneo zima. Mabasi, yaliyoachiwa soko huria mwaka uleule wa 1986, yalirudishwa chini ya usimamizi wa umma kwa awamu kuanzia Septemba 2023, na awamu ya mwisho ilikamilika Januari 2025. Ile miaka 25 ya katikati, ya vikao visivyotangazwa na mtu, ndiyo iliyofanya mamlaka mpya ipate watu wanaofahamiana na kuaminiana. Anzeni vikao hivyo sasa, kabla ya sheria.

Rasimu itakapotolewa, nenda kwanza kwenye sehemu ya mapato. Ukikuta maneno "michango ya wanachama" bila chanzo kingine kilichotajwa kwa asilimia, rudi kwa diwani wako. Kisha soma kifungu cha kura. Kisha orodha ya kazi: kazi isiyotajwa itagombaniwa. Kisha uliza madeni ya kila mji yatabaki kwa nani, maana hili huwekwa mwishoni, kwenye majedwali, na watu huwa wamechoka kusoma.

Na kwa ule mji wenu uliojengwa juu ya migodi, uliza habari za maji. Mgodi uliofungwa hujaa maji, na maji yakipanda yanaweza kuchafua vyanzo vya maji ya kunywa. Ardhi iliyotitia nayo inaweza kuwa bwawa ikiwa mtu hapampu. Ruhr walifunga mgodi wao wa mwisho wa makaa, Prosper-Haniel wa Bottrop, Desemba 2018, na kwa ajili ya kupampu maji hayo walikuwa wamekwisha kuunda taasisi tangu 2007 yenye fedha zake, kwa kuwa kazi hiyo haina siku ya mwisho. Gharama hizo wanaziita za milele. Kwenu zinalipwa na nani leo: kampuni ya zamani, serikali kuu, au mji peke yake? Pampu ziko ngapi, na bili ya umeme inakwenda kwa jina la nani? Ukipata majibu hayo kwa maandishi kabla ya mkutano ujao, niandikie tena, tuyapitie pamoja na rasimu mkononi.